Kamba wa Naivasha Ndani ya Akwaria: Dalili, Sababu na la Kufanya

Ukimkuta kamba wako amelala chali kwenye sakafu ya akwaria, usimguse. Usimgeuze, usimtoe nje kumkagua, usigonge kioo kuona kama atashtuka. Huenda anajivua gamba, na katika dakika hizo mkono wa mtu unaweza kumvunja mguu au gando, hata kumuua. Nimeliweka hili mbele kabisa kwa sababu kamba wengi hupotea bure mikononi mwa watu wanaowapenda, waliodhani wanawasaidia.

Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine. Unamhusu hasa kamba mwekundu, Procambarus clarkii, yule kamba wa maji baridi mwenye magando makubwa (Waingereza humwita crayfish) wa Ziwa Naivasha, kwa kuwa ndiye wa bei nafuu na ndiye mvumilivu kuliko wenzake. Wavuvi humuuza kwa kilo kama kitoweo, hivyo mmoja aliye hai na mwenye viungo vyote hakugharimu sana. Gharama iko kwenye tangi, chujio na subira.

Kwanza mtambue

Kamba wa jamii hii si wenyeji wa bara la Afrika. Madagaska ndiyo yenye wa asili. Tulio nao waliletwa. Kamba mwekundu, ambaye kwao ni kusini mwa Marekani na kaskazini-mashariki mwa Meksiko, aliingizwa Naivasha mwaka 1970, na kuanzia 1975 akawa anavuliwa kibiashara na kuuzwa hadi Ulaya. Yupo pia Ziwa Bunyonyi nchini Uganda.

Mtofautishe na wanaofanana naye, maana kosa la hapa halina dawa baadaye. Kambakoche wa soko la samaki la Dar es Salaam au Mombasa hana magando kabisa, na ni wa maji ya chumvi. Ukimtia kwenye maji ya bomba atakufa. Kamba wa mtoni ana mikono miwili mirefu myembamba, na ukihesabu miguu kutoka mbele utakuta mikono hiyo ni jozi ya pili. Kamba wetu ana gando kubwa kwenye jozi ya kwanza kabisa, na jozi mbili zinazofuata zina vikoleo vidogo nchani. Gamba lake ni nene na gumu.

Ukishahakikisha hapo, tazama mgongo. Kamba mwekundu ana mistari miwili inayokutana katikati ya mgongo bila kuacha nafasi, ngozi ya kichwa yenye chembechembe zinazokwaruza kidole, magando yaliyojaa vinundu, na mkanda mweusi wenye umbo la kabari juu ya mkia. Rangi isikudanganye. Wachanga ni wa kijivu au kijani cha tope, wakubwa huwa wekundu wa damu ya mzee hadi weusi, na wapo wa buluu na weupe waliozalishwa kwa ajili ya mapambo.

Wa pili unayeweza kukutana naye ni kamba wa Australia, Cherax quadricarinatus. Gamba lake ni laini, rangi yake kijani na buluu, ana matuta manne yaliyoinuka kichwani, na dume mkubwa ana doa jekundu laini upande wa nje wa gando. Amesambaa kwenye mto Kafue na Ziwa Kariba. Hukua mkubwa zaidi na hupenda joto zaidi, kwa hiyo nyuzi za joto nitakazotaja hapa mwongezee mbili tatu.

Wa tatu ni kamba wa marumaru, Procambarus virginalis, mwenye madoa mengi na magando madogo. Hawa wote ni majike na huzaa bila dume. Walijitokeza katika akwaria za Ujerumani miaka ya 1990, na sasa Madagaska wameenea hadi kwenye mashamba ya mpunga na masoko. Mmoja tu akitupwa mtoni anatosha kuanzisha kizazi. Nakusihi usimnunue hata akiuzwa kwa bei ya kutupa.

Msomaji uliye Ulaya, jua kwamba tangu 2016 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kufuga na kuuza kamba mwekundu na yule wa marumaru. Uingereza na Wales anayeruhusiwa nyumbani bila leseni ni yule wa Australia peke yake. Huku kwetu, uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya au kaunti kabla hujasafirisha kamba hai, na usimvushe mpaka kimyakimya.

Makao, kwa ufupi

Kamba mmoja, tangi la urefu wa sentimita 60 au zaidi lenye lita 60 kwenda juu, chujio, pampu ya hewa, mfuniko, na maficho: kipande cha bomba la plastiki au chungu kilichovunjika kinatosha. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 18 na 26. Weka jiwe moja linalofika juu ya maji. Nitalirudia jiwe hili, kwa sababu limeokoa kamba wengi umeme ulipokatika.

Amelala chali au ubavu, hatikisiki

Kuna mambo mawili: anajivua gamba, au amekufa. Kumbuka ya siku zilizotangulia. Kamba anayekaribia kujivua hupunguza kula, hujificha, na gamba lake hufifia. Kisha hulala ubavu au chali, ngozi hupasuka pale mgongo unapokutana na mkia, naye hujichomoa kwa mikupuo. Aliyekomaa hufanya hivi mara chache kwa mwaka. Mchanga anaweza kujivua kila baada ya wiki moja au mbili.

Chungulia sehemu za mdomo na vile vimiguu vidogo chini ya mkia. Vikitikisika hata polepole, yu hai. Zima taa na uondoke. Kama hakuna kinachotikisika, subiri hadi asubuhi. Maiti ina harufu ambayo haihitaji mtaalamu, viungo vimelegea, na nyama ya mkia imekuwa nyeupe isiyopenyeza mwanga. Gamba tupu ni jepesi, unaona ndani, lina macho na vipapasio vyake vyote lakini halina mtu. Wengi huamka na kuona kamba wawili kwenye tangi, mmoja amekufa na mwingine amejibanza kwenye bomba. Yule "aliyekufa" ni nguo ya jana.

Gamba hilo usilitupe. Atalila mwenyewe kidogo kidogo ili arudishe madini yaliyomo. Kwa siku kadhaa atakuwa laini na mwoga. Usimlishe kwa nguvu, na kama kuna samaki wadokozi tangini, watoe.

Amekwama ndani ya gamba, au amejivua na kufa

Hapa ndipo penye maumivu makubwa kwa mfugaji, na sababu zake huwa za wiki kadhaa nyuma, siyo za usiku huo. Ya kwanza ni upungufu wa kalisi. Kabla ya kujivua, kamba huvuta kalisi kutoka gamba la zamani na kuiweka tumboni katika vijiwe viwili vyeupe vya mviringo, kisha huvitumia kuimarisha gamba jipya. Wauza dawa wa Ulaya ya zamani waliviuza vijiwe hivi kama tiba. Ukimfungua kamba aliyekufa ukavikuta, ujue alikuwa njiani kujivua.

Vijiwe peke yake havitoshi. Kalisi nyingi huchukuliwa majini, kwa hiyo aina ya maji yako ni jambo la kujua. Maji ya mvua ni laini, yaani hayana madini. Maji ya mito ya Aberdare yanayofika kwenye mabomba ya Nairobi nayo ni laini. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za Unguja na Mombasa, ni magumu. Hayo kwa kamba ni neema, ilimradi hayana chumvi nyingi. Kipimo cha nyumbani ni sabuni ya mche: ikitoa povu upesi na kwa wingi, maji yako ni laini, ikigoma na kuacha utando mweupe, ni magumu.

Ukiwa na maji laini, ongeza madini. Wakazi wa pwani wana bahati hapa, maana mfupa wa dome, jamaa wa ngisi na pweza, huokotwa ufukweni bure. Uloweke kwenye maji baridi kwa siku kadhaa ukiyabadilisha ili chumvi itoke, uchemshe, kisha ufunge kwenye jiwe uzame. Kamba ataung'ata na maji yatapata kalisi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, maganda ya konokono, au mchanga wa matumbawe ulioshwa vizuri ndani ya chujio, vyote hufanya kazi. Maji yakiwa na tindikali gamba huliwa, kwa hiyo lenga pH (kipimo cha tindikali) kati ya 7 na 8.5.

Sababu nyingine ni maji machafu, ambayo nitayaeleza hivi punde, na chakula cha aina moja. Wauzaji husifu matone ya iodini. Kwa maoni yangu, kamba anayepata kipande kidogo cha samaki wa baharini kila wiki hana haja nayo, na matone yakizidi ni sumu.

Aliyekwama nusu usimvute. Gando lililonasa atalikata mwenyewe na litaota tena. Kazi yako ni kuongeza hewa, kubadilisha robo ya maji kwa maji yenye joto lile lile, na kumwacha gizani.

Anapanda juu, anang'ang'ania uso wa maji

Kamba wa sakafuni anapoanza kushinda juu ya mrija wa chujio, ubavu mmoja umetokeza hewani, anakwambia kwamba hewa majini haimtoshi, au kuna kitu kinachomchoma matamvua, yaani viungo anavyopumulia.

Hewa haitoshi: maji ya nyuzi 20 yaliyo usawa wa bahari hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Ndiyo maana Dar es Salaam au Mombasa, Januari hadi Machi, tangi lililokuwa salama mwezi Julai linageuka shida. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, na chupa ya maji yaliyogandishwa ikielea saa za mchana husaidia, mradi joto lisishuke ghafla. Umeme ukikatika, pampu husimama; hapo ndipo jiwe langu linapolipa. Kamba mwekundu anaweza kupumua hewa ya kawaida matamvua yake yakiwa yamelowa, hivyo atapanda na kungoja. Wewe chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, mara kwa mara, hadi umeme urudi.

Maji yanachoma: kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo ni nafuu zaidi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawa katika tangi jipya, na ndiyo maana kamba wengi hufa mwezi wa kwanza mwenye nyumba akilaumu muuzaji. Kama tangi ni jipya, au umeosha chujio kwa maji ya bomba na kuua bakteria kwa klorini, au kuna kipande cha nyama kilichosahaulika nyuma ya chungu, umepata sababu. Ondoa mabaki, badilisha nusu ya maji leo na robo kesho, punguza chakula. Chujio lioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba.

Ukiwa na vipimo ukaona naitraiti, ongeza chumvi ya kawaida, kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita 60. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana na naitraiti kwenye matamvua na kuizuia kuingia mwilini. Hii ni huduma ya kwanza tu. Tiba ni kubadilisha maji.

Na hayo maji mapya yakae kwenye ndoo wazi kutwa na kucha kabla ya kuingia tangini, ili klorini itoke. Ukiyapa pampu ya hewa, hutoka haraka zaidi.

Anatetemeka, anarusha mkia ovyo, anaanguka upande

Hii ni sumu hadi ithibitike vinginevyo, na ni dalili ambayo kwenye nyumba zetu haipewi uzito unaostahili. Dawa za mbu, iwe ya kupuliza, ya koili au ya kuchomeka ukutani, nyingi ni za jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu kiasi hicho hakina madhara makubwa. Kwa kamba, ambaye ni jamaa wa karibu wa wadudu, viwango visivyofikia mikrogramu moja kwa lita huua. Kupulizia chumba mara moja akwaria ikiwa wazi na pampu ikivuta hewa ya chumba hicho kunatosha.

Angalia pia ndoo. Kama imetumika kufulia chandarua chenye dawa, au kuchanganyia dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa, haitoshi kuisuuza. Tenga ndoo moja ya akwaria, iandike, na mwambie kila mtu nyumbani. Mboga nazo: sukuma wiki au mchicha wa sokoni uliopuliziwa dawa juzi unaweza kufanya kazi ile ile, kwa hiyo osha sana, chemsha kidogo, au tumia wa bustani yako.

Shaba ni sumu ya pili. Dawa nyingi za magonjwa ya samaki na za kuua konokono zina shaba, na mrututu wa wakulima ni chumvi ya shaba. Soma kibandiko kabla ya kutia chochote kwenye tangi lenye kamba. Kama dawa ilishatumika humo zamani, mchanga unaweza kuwa umeishika. Ni afadhali kuubadilisha wote.

La kufanya ni moja: mhamishe kamba mara moja kwenye chombo safi chenye hewa na maji yaliyokwisha kutoka klorini, badilisha sehemu kubwa ya maji ya tangi, weka mkaa maalumu wa chujio. Mkaa wa jikoni usitumie. Waliopata kidogo hupona kwa siku moja au mbili. Waliopata nyingi hawaponi, na sina la kukufariji hapo isipokuwa kukuomba ufunike tangi na uzime pampu kabla ya kupuliza dawa, kisha ufungue madirisha.

Hali chakula

Usiwe na wasiwasi kwa siku chache. Mgeni hugoma, anayekaribia kujivua hugoma, jike lenye mayai hujificha, na maji yakiwa baridi kamba hulegea. Pima joto kwanza. Asubuhi za Julai Limuru au Mbeya zinaweza kushusha maji chini ya nyuzi 15, na hapo unahitaji hita. Yakiwa sawa, mpe usiku baada ya taa kuzimwa, maana ndio muda wake.

Mara nyingi tatizo huwa kinyume: analishwa mno. Mboga na majani ndiyo msingi: karoti iliyochemshwa, njegere, mchicha, na dagaa mmoja au kipande cha samaki mara mbili kwa wiki. Kitakachobaki asubuhi kitoe. Chakula ninachokipenda kuliko vyote ni majani makavu ya mti wa mkungu yaliyoanguka yenyewe. Yaoshe, yaloweke, yatupie tangini. Atakula jani na vijidudu vilivyoota juu yake kwa wiki nzima, na maji yatapata rangi ya chai isiyo na madhara.

Gando limekatika

Kamba hukata gando mwenyewe akishikwa au akinasa. Halitoki damu ya kutisha na halihitaji dawa. Litaota dogo kwenye kujivua kunakofuata na kukua kwa kila gamba jipya. Kilicho muhimu ni kujua nani alilishika. Kama umeweka wawili, jibu unalo, na mara nyingine haitakuwa gando tu: aliyejivua usiku huliwa na mwenzake kabla hujaamka. Nashauri kamba mmoja kwa tangi moja. Watu huniambia wawili wao wanaelewana. Wanaelewana hadi mmoja ajivue.

Ametoweka

Tafuta sakafuni, nyuma ya kabati, sehemu zenye unyevunyevu, hasa bafuni. Alipanda mrija wa hewa au waya wa hita. Ukimkuta amekauka lakini vipapasio vinasogea, usimtumbukize kwenye maji ya kina. Mweke kwenye bakuli lenye maji ya tangi yanayofika nusu ya kimo chake, mlowanishe mgongo, na mpe saa kadhaa matamvua yafunguke kabla ya kumrudisha. Kisha ziba kila tundu la mfuniko. Kichwa kikipita, mwili unapita.

Ana mayai na hajawahi kuona dume

Hakuna muujiza. Jike la kamba mwekundu lina mfuko mdogo kati ya miguu ya nyuma wa kuhifadhia mbegu za dume, kwa hiyo aliyevuliwa ziwani anaweza kutaga mayai yenye uhai muda mrefu baadaye. Akiwa ni mchanga uliyemlea peke yake tangu mdogo na bado ametaga mayai yanayoanguliwa, basi una kamba wa marumaru. Rudi kwenye maelezo ya utambuzi.

Mayai mabichi ni meusi na yameshikana chini ya mkia kwa mamia. Yakigeuka rangi ya chungwa na kuota ukungu, hayakurutubishwa, atayatupa mwenyewe. Yakianguliwa, vitoto hukaa chini ya mkia wa mama kwa siku kadhaa, kisha huanza kulana. Amua mapema utawalea wangapi. Waliobaki ni chakula cha samaki wengine wa ndani ya nyumba, na waende huko huko.

Madoa, minyoo na mkia mweupe

Madoa ya kahawia au meusi yenye mashimo kwenye gamba ni kazi ya bakteria walioingia penye mkwaruzo. Maji yakisafishwa, doa hutoka na gamba linalofuata. Vijinyoo vyeupe vinavyotembea juu ya magando kwa kawaida havimli kamba mwenyewe, navyo hupungua usafi ukiongezeka. Mkia uliogeuka mweupe wote kwa ndani, huku kamba anazidi kudhoofika wiki hadi wiki, ni dalili ya vimelea vya misuli visivyo na tiba. Mtenge, na asiliwe na kamba mwingine, kwani ndivyo vinavyoenea.

Samaki, konokono na mimea vinaisha

Ndiyo tabia yake. Samaki wa sakafuni na wenye mapezi marefu huliwa usiku, mimea laini hukatwa chini, konokono huvunjwa ganda. Ziwa Naivasha lilipoteza mimea mingi ya majini kamba walipoongezeka. Ulaji wake wa konokono uliwahi hata kujaribiwa dhidi ya kichocho: utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha maambukizi ya kichocho cha mkojo yakipungua kwa watoto wa shule mahali kamba walipowekwa. Lakini huo ulikuwa utafiti wenye uangalizi. Usiuchukue kuwa ruhusa ya kumwaga kamba kwenye bwawa la kijiji.

Wamekuzidi, au umechoka kufuga

Kamba akiingia mtoni au bwawani hachimbi shimo moja akatulia. Hutoboa kingo za mifereji, hula mayai ya samaki, hukata mimea, hutembea nchi kavu usiku wa mvua hadi bwawa la jirani, na hakuna nchi iliyofanikiwa kumwondoa ziwani akishaenea. Kwa hiyo asitoke nyumbani akiwa hai isipokuwa kwenda kwa mfugaji mwingine mwenye mfuniko. Kama hayupo, mtie kwenye bakuli la maji ya tangi lililojaa barafu hadi azimie kabisa, kisha kwenye friza hadi kesho yake, halafu mfukie.

Maji ya tangi nayo yamwagie miti ya uani, mbali na mfereji. Vitoto waliotoka jana ni wadogo kama punje ya mchele, na kwenye ndoo yenye maji ya chai ya mkungu huwaoni.